Udi wa Mama Zuhura

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinipata naacha ninachofanya. Ni ya mahindi na maharagwe yakichemka juu ya makaa wakati mvua inanyesha. Wengine wakiinusa wanaona njaa. Mimi kwanza naangalia dirisha liko wapi, kisha mlango uko wapi, kisha ndipo nakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima, ufunguo uko kwenye mkoba wangu na hakuna aliyenifungia. Juzi ilinipata nikiwa nyumbani kwangu mwenyewe, mama akiwa jikoni, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika haya.

Tuliishi mtaa unaoitwa Kongo, kule Kawangware, Nairobi, katika ploti ya vyumba kumi na viwili, sita vikitazamana na sita, na katikati uchochoro wa saruji ambao ndio uliokuwa sebule yetu, kiwanja chetu, mahali pa kufulia na bunge letu. Mliokulia ploti mnanielewa. Kuta zilikuwa za mabati, na kati ya chumba na chumba ukuta haukufika juu. Uliachwa uwazi kama wa urefu wa mkono chini ya paa, kwa hivyo hakuna aliyekohoa peke yake. Sisi tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Mama alikuwa akifua nguo za watu Lavington. Alitoka asubuhi na kurudi jioni, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni.

Nyuma ya ukuta wetu wa kushoto aliishi Mama Ciku, aliyekuwa akipika githeri, yale mahindi na maharagwe, na kuiuza pale steji ya matatu ya Kawangware 56. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono ya moto, na Ciku wake alikuwa ameolewa mbali, kwa hivyo mapenzi yote yaliyobaki alinimwagia mimi. Aliniita "mami." Kabla hajafunika sufuria yake kwenda nayo steji, kikombe changu kilikuwa kimeshajazwa. Jiko lake lilikaa nje, kwenye kona ya uchochoro, na sote tuliamka kwa sauti ya kukuna kwake majivu.

Mwaka ule masika yalipoanza, mambo mawili yalitokea katika wiki moja. Mama Ciku alihamishia jiko lake ndani ya chumba, maana uchochoro uligeuka mto na makaa hayawaki majini. Na chumba kilichotazamana na chetu, kilichokuwa kimekaa kitupu, kikapata mpangaji. Jambo la kwanza hakuna hata aliyeliona kuwa jambo. La pili lilizungumzwa ploti nzima. Kulikuwa na la tatu, dogo zaidi ya hayo: baridi ilipozidi, mama aliziba nyufa za mlango na dirisha kwa nailoni na sweta yangu ya zamani ya shule. Nilimshikia kiti asianguke alipokuwa akipachika.

Mpangaji mpya alijiita Mama Zuhura. Alikuwa Mnubi kutoka Kambi Muru, Kibera, mrefu, mkavu, mwenye leso mbili zilizopigwa pasi hata siku ya kufua. Zuhura hakuwepo. Alikuja peke yake na kitanda, sanduku, na chetezo cha udongo ambacho alikiweka kizingitini asubuhi na jioni akakifukiza udi. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshamkosea kila mtu. Aliwaambia wanawake watatu tofauti watoe majiko yao nje, bila hata kuwasalimu kwanza, na wanawake wale wakamuuliza kama yeye ndiye mwenye ploti. Halafu kulikuwa na mlango wake. Mvua inyeshe, upepo uvume, mlango wa Mama Zuhura ulikuwa wazi, na yeye ameketi hapo kwenye kiti, amejifunika shuka, anatazama uchochoro. Watu wenye akili zao hufunga milango mvua ikinyesha. Kwa hivyo, tukasema, huyu kuna kitu anakitafuta.

Mara ya kwanza nilianguka asubuhi nikienda mferejini. Niliamka kichwa kikigonga na mate yamejaa mdomoni. Nikachukua jagi, nikafungua mlango, baridi ikanipiga usoni, nikatembea hatua nne na dunia ikazimika. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kizingitini kwa Mama Zuhura, pua yangu karibu na chetezo, na wanawake wamenizunguka. Mama aliniuliza nimesikia nini. Nikamwambia kichwa kilianza kuniuma nikiwa bado kitandani. Mtu mmoja akasema labda sikula jana. Mama Ciku akaleta maji ya sukari, nikanywa, wakatawanyika. Nakumbuka vizuri jinsi walivyotawanyika, kama watu walioitwa kutazama kitu na wakakuta hakuna.

Mara ya pili ilikuwa siku tatu baadaye, na mahali ni pale pale. Mara ya tatu, tena pale. Hapo bunge letu likaamka. Mbona ni mlangoni kwa huyu tu? Mbona tangu aje? Leo naweza kucheka. Ningeangukia wapi kwingine? Uchochoro ulikuwa mmoja, na hatua nne kutoka kwetu ni kwake. Chumba kile kingepangwa na mchungaji, ningeangukia miguuni pa mchungaji, na nadhani wangesema nimepata baraka. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa na lilikuwa tamu, na likaanza kukusanya vitu vingine. Mtoto wa chumba namba tisa hakuwa akilala vizuri. Paka wa msimamizi wa ploti alikuwa amepotea. Mama Ciku mwenyewe alikuwa akiamka na kichwa kizito siku hizi, yeye ambaye hajawahi kumeza hata panadoli. Kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa kutokea, lakini kuna raha yake kupata jibu moja kwa maswali manne. Mtu akishalipata hapendi kulipunguza tena.

Na jibu lilikuwa linaonekana kwa macho. Udi unapanda mweupe, unazunguka, unaingia kwa watu bila kuitwa. Mama Ciku naye alikuwa na moshi, lakini moshi wake ulikuwa wa chakula.

Siku ile ya tatu ndipo waliponikalisha kwenye beseni lililopinduliwa na kuniuliza tena. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Nyuma yake walikuwa wanawake watano au sita, na wote walikuwa wamenyamaza kwa ajili yangu. Sijui kama mmewahi kuwa mtoto ambaye hakuna anayemsikiliza halafu siku moja watu wazima sita wakakunyamazia. Nilijua kwamba kichwa kilianza nikiwa kitandani. Nilijua pia kwamba nilishasema hivyo na wakaondoka.

"Uliskia nini, mami?" Mama Ciku akaniuliza kwa upole.

"Niliskia moshi yake ikiniingia kwa kichwa," nikasema.

Wakapumua wote kwa pamoja. Mama akanikumbatia kwa nguvu hadi sweta yake ikanikwaruza shavu. Siku hiyo nililetewa chapati mbili na mtu ambaye hajawahi kunipa hata salamu. Sikuhisi kuwa nimedanganya. Nilihisi kwamba hatimaye nimejibu vizuri.

Mama alinipeleka kwa daktari pia, msije mkamwona mjinga. Ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi, na daktari alikuwa kijana mwenye miwani aliyeonekana kuchoka kuliko sisi. Alinifunua macho, akanisikiliza kifua, akaandika. Akasema damu imepungua kidogo, nile maini na mboga za kijani. Akasema inawezekana nina minyoo. Akasema chumba kikae na hewa, dirisha lifunguliwe. Akasema nisikae kwenye moshi. Mama aliyahesabu yote kwa vidole njia nzima ya kurudi, na tulipofika kwenye duka la misumari alikuwa ameshakasirika. Alimwambia Mama Ciku siku hiyo hiyo: "Ananiambia vitu nne. Mtu mwenye anajua husema kitu moja."

Katika hivyo vinne alichukua kimoja, moshi, kwa sababu kile tulikuwa tunacho tayari. Kwamba daktari naye ametaja moshi bila kuambiwa habari ya udi, hilo lilisimuliwa kutoka mlango hadi mlango. Kuhusu dirisha, mama alifikiri akaona kwamba dirisha linatazama uchochoro, na uchochoroni ndiko uliko udi. Akaongeza nailoni nyingine. Kisha akaenda akanunua kufuli.

Nisikizeni vizuri hapa, maana sitaki mama yangu aonekane vingine. Shule nilikuwa siendi tena, kwa kuwa nikitoka naanguka. Kazini mama hawezi kukosa. Kuniacha mlango wazi ni kuniachia yule mama. Kunifungia lilikuwa jambo la upendo, na alilifanya huku akilia. Aliniwekea uji kwenye chupa ya chai, mkate, ndoo ya kujisaidia na kitabu cha kusoma. Akanibusu utosini, akatoka. Nikasikia chuma cha mlango kikipita kwenye tundu lake na kufuli likijibana.

Siku za kufungiwa zote zimechanganyika kichwani mwangu zikawa siku moja ndefu ya rangi ya nailoni. Mwanga ulikuwa unapita ukiwa wa maziwa, na mvua ilipiga mabati mpaka huwezi kusikia unachowaza. Nililala, nikaamka, nikalala. Kichwa kiliuma kuanzia asubuhi, kikatulia kidogo jioni mama akifungua mlango, kikaanza tena. Kuchora nilishindwa kwa sababu penseli ilikuwa nzito. Nilihesabu misumari ya ukutani, nikifika arobaini na kitu napoteza hesabu naanza upya, na nilichukia ile misumari kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia nayo mtu.

Aliyenipa uhai ni Mama Ciku. Nasema hivyo nikijua ninachokisema. Kutoka upande wa pili wa ukuta alinisemesha siku nzima akikoroga. Alinihadithia Ciku alivyokuwa mtoto, alinifundisha nyimbo za kanisani kwao, na mchana alipanda juu ya stuli na kuniteremshia kikombe cha githeri kwa kamba kupitia ule uwazi wa juu. Githeri ilikuwa moto na mvuke wake ulinilowesha uso. "Umelala, mami? Usilale sana, utakosa usingizi jioni." Nilimpenda kuliko mtu yeyote ukimtoa mama. Kila kitu kizuri kilichoingia chumbani mle siku zile kilipitia kwenye uwazi ule. Siku ambazo hakupika ni Jumapili peke yake, na Jumapili nilikuwa sianguki. Tukaenda kanisani, nikarudi na miguu yangu, na watu wakasema mnaona, kanisani moshi wake haufiki.

Mlangoni kulikuwa na tundu la msumari uliong'oka, usawa wa jicho langu nikipiga magoti. Hapo ndipo nilipomtazamia Mama Zuhura. Kiti chake kilikuwa pale pale, mlango wazi, mvua ikimrushia matone miguuni. Alikuwa anatazama kufuli letu. Nilikuwa nikijiondoa tunduni kwa hofu, nikirudi namkuta bado analitazama.

Siku moja alivuka. Nilisikia ndara zake zikipiga maji, kisha leso yake ikaziba tundu na mle ndani kukawa giza zaidi. Akaongea kwa sauti ya chini, mdomo karibu na mabati.

"We mtoto. Kichwa yauma?"

Nikarudi kitandani nikajifunika shuka.

"Tumbo yataka kutapika? Miguu je, ina nguvu?"

Kila alichotaja nilikuwa nacho. Niliuma shuka. Sikuwa nimemwambia, mama hangeweza kumwambia, na bado alikuwa akivitaja kimoja kimoja kana kwamba ameviweka yeye. Akasema nimwambie mama afungue dirisha, hata kidogo tu, hata kwa mvua. Kisha akaondoka. Jioni nilimwambia mama yote, na mama hakuuliza habari ya dirisha. Aliuliza kitu kimoja: "Alijuaje?" Kesho yake alikata kipande cha shuka la zamani akaziba na lile tundu la msumari kwa ndani. Nikabaki sina hata uchochoro.

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe. Kulikuwa na harusi kanisani kwa kina Mama Ciku na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupika. Aliazima jiko la pili. Nilisikia sufuria mbili zikichemka nyuma ya ukuta tangu alfajiri, na yeye akiimba akizunguka kati yake. Mama akaenda kazini. Baadaye kidogo Mama Ciku akagonga ukuta, akaniambia vitunguu vimemwishia, anakimbia sokoni na kurudi, niangalie nisikie kama githeri inamwagika. Nilifurahi kupewa kazi. Alifunga mlango wake mbwa wasiingie, akaenda.

Nikakaa kusikiliza. Githeri ilikuwa ikitokota vizuri. Mvua ilikuwa nzito. Nikatapika kwenye ndoo, nikashangaa, nikarudi kitandani. Nikawaza niite, lakini wa kumwita alikuwa ameenda sokoni, na aliyebaki karibu ndiye niliyefungiwa nisimfikie. Nilijaribu kusimama na miguu ikakataa kabisa, bila maumivu, kama miguu ya mtu mwingine. Nikatambaa. Nililia kwa sababu sikuweza kuufikia mlango, halafu nikafika, nikaupiga kwa kiganja mara mbili au tatu, na nikakumbuka kuwa umefungwa kwa nje. Sijawahi kuhisi upweke wa namna ile tena maishani. Niliweka shavu kwenye saruji, ilikuwa baridi, nikaona vizuri nilale.

Ninachokijua baada ya hapo ni maji. Mvua ilikuwa inaniingia mdomoni. Nilikuwa chali katikati ya uchochoro, kichwa changu kwenye mapaja ya mtu, na mtu huyo alikuwa akinipiga mashavu akinisemesha kwa Kinubi, lugha ambayo sikuijua hata neno. Kando yetu lilikuwa lile jiwe la kusugulia miguu ambalo lilikaa mferejini, na juu yake kilikuwa kile chuma cha mlango wetu kimepinda, kufuli bado likiwa limeshikilia. Kufuli lilikuwa zuri sana. Aliyevunja alivunja mlango.

Watu walijaa. Mama Ciku alirudi na vitunguu vyake, akavitupa, akapiga yowe. Mtu akapiga simu, mama akaja mbio kutoka Lavington, miguu peku, sabuni bado mikononi. Mama Zuhura hakuniachilia mpaka mama alipofika. Kisha akanyoosha mkono wake mrefu akaonyesha ukuta wa Mama Ciku.

"Ni makaa," akasema. "Si mimi. Ni makaa ya huyu yaingia kwa mtoto huko juu. Itamuua. Fungueni nyumba."

Kisha Mama Ciku akaketi chini kwenye maji na nguo zake zote, akaanza kulia. "Mimi? Mimi niue huyu? Si mnajua huyu ni wangu. Mimi ndio namlisha." Na kweli walijua. Wanawake wakamwendea, wakamshika mabega, wakamwinua, mmoja akamfuta kamasi kwa leso yake. Lile la makaa halikujibiwa. Ilikuwa kama mtu ametukana mbele za watu, na watu wenye adabu wakajifanya hawakusikia. Kila mtu pale alipikia makaa. Mama zao walipikia makaa.

Ndipo mtu mmoja nyuma akauliza, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya mtu anayefikiri: "Lakini mlango ulikuwa umefungwa. Huyu mama alijuaje mtoto anakufa?"

Hapo yakaisha. Nilimwona mama akigeuka taratibu kumtazama Mama Zuhura, aliyekuwa amesimama amelowa, damu ikimtoka kwenye vidole alivyoviponda kwa lile jiwe. Mama akapiga magoti mbele yangu, kama siku ya beseni. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamtazama Mama Ciku anayelia. Nikamtazama Mama Zuhura. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Alikuwa akisubiri tu, kama wengine, nadhani akiamini kwamba mimi niliyekuwa ndani ndiye nitasema. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimechoka sana.

"Ni moshi yake," nikasema.

Msimamizi wa ploti alimwambia ahame. Hakupigwa, namshukuru Mungu, ingawa kuna waliotaka. Alipakia kitanda na sanduku kwenye mkokoteni, chetezo akakibeba mwenyewe, na hakusema lolote isipokuwa kwamba alipopita mlangoni kwetu aliusukuma kwa kiganja ukafunguka wote, kwa kuwa haukuwa na kitu cha kuufunga tena. Wiki ile ile masika yakakatika. Mama Ciku akarudisha jiko lake nje kwenye kona. Mama akatoa nailoni ili chumba kikauke. Na mimi nikapona, nikarudi shule, nikanenepa. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine baada ya hapo. Yule ameondoka na mtoto amepona, unataka nini zaidi?

Niliishi na jibu hilo mpaka nilipokuwa na mtoto wangu tumboni. Katika kliniki ya wajawazito, muuguzi mmoja alituketisha kwenye benchi akaanza kutuonya kuhusu kulala na jiko la makaa ndani. Akasema kinachoua hakionekani na hakina harufu. Akataja kichwa kinachouma asubuhi, kutapika, miguu kulegea, mtu kuanguka akitoka tu nje. Alikuwa akivitaja kimoja kimoja. Mwanamke aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama nataka maji.

Ilinichukua miaka kadhaa kwenda Kambi Muru. Nilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda na zote zilikuwa aibu. Nilipokwenda mwaka huu nilielekezwa haraka, maana mtaa bado unamkumbuka, nikapokewa na dada yake, mwanamke mrefu mkavu vile vile. Aliniambia nimechelewa kwa miezi minne. Nikamuuliza habari ya Zuhura. Akanitazama kwanza kama anapima kwa nini nauliza, kisha akasema: "Zuhura alilala na jiko ndani, msimu wa mvua. Alikuwa na miaka sita. Mamake alitoka kidogo tu, akafunga mlango baridi isiingie. Tangu hiyo siku hakuwahi kufunga mlango tena." Kumbe hivyo ndivyo alivyojua. Niliinywa chai yao, nikaomba nione chetezo, nikakishika, kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka.

Kwa mama sikusema neno. Mpaka juzi. Mama siku hizi anaishi nami, na ana ubishi wake kwamba githeri ya gesi haina ladha, kwa hivyo nimemwachia jiko la makaa kibarazani. Nilirudi kazini mvua ikinyesha, nikafungua mlango, harufu ikanipata. Alikuwa ameliingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Mtoto wangu alikuwa amelala kwenye kochi saa kumi na moja jioni, yeye asiyelala mchana. Nilimnyanyua, akakasirika, akalia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Nikafungua kila kinachofunguka, nikalibeba jiko kwa mikono miwili nikalitoa. Mama alinitazama akiwa na kisu na kitunguu mkononi. Akasema si mvua jamani, ingekaa wapi.

Nikamwambia yote pale pale, nimesimama, mikono ikiwa imeungua. Muuguzi, Kambi Muru, Zuhura. Alisikiliza hadi mwisho, akamenya kitunguu kilichokwisha kumenywa. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa ghafla. Nilielewa, nikiwa nimeshachelewa, kwamba nilipokuwa nikimwondolea yule mama lawama nilikuwa nikimwachia huyu kufuli.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Mimi ndio nilikufungia na hiyo kitu."

Nilitaka kusema hapana. Nilitafuta hapana nzuri ya kumpa.

"Na wewe mwenyewe ulisema ni moshi yake," akasema. "Mara mbili. Tulikuuliza uliskia nini."

"Kichwa ilianza nikiwa kwa kitanda, mum."

Akaweka kisu chini. Mvua ilikuwa ikiingia dirishani, ikilowesha pazia, na hakuna kati yetu aliyekwenda kufunga.

"Hivyo ndivyo ulisema siku ya kwanza," mama akasema. "Nilikuskia."